Siku Tatu Mtoni

Kingwaya, 9 Agosti 2011

Kwako Placide, mdogo wangu,

U hali gani huko Kinshasa? Papa Makoko wa lori ameapa kwamba barua hii utaipata mkononi, kwenye hiyo taasisi yenu ya kuchunguza ubongo na mishipa ya watu. Hapa mume wangu Gaston ni mzima, mama mkwe ni mzima kupita kiasi, na Bibiche ametimiza miaka minne, kutwa anakimbizana na kuku. Mimi nina afya ya kutosha kukasirika.

Sijamtaja Fideline. Fideline hatembei.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliamka vizuri, akachukua ndoo yake kwenda mtoni. Katikati ya njia miguu ikaanza kutetemeka, akaanguka, akanyanyuka, akaanguka tena. Wenzake walidhani anacheza, wakamcheka. Mimi mwenyewe nilimfokea kutoka jikoni, nikamwambia aache uvivu. Kufika jioni hawezi kusimama. Leo ni siku ya tisa, anasimama kwa kushika ukuta, kwa ncha za vidole, magoti yamebanana. Homa hana, maumivu hana. Ana miaka tisa, na jana ameniuliza miguu yake itafunguliwa lini.

Ni konzo, unaijua. Babu alikuwa na mtego wa kamba wa jina hilohilo, wa kuwafunga paa miguu. Huyu ni mtoto wa nne hapa kijijini mwaka huu.

Sasa nikuulize. Mwezi wa Juni mlikuja na magari mawili. Mkamtoa Fideline damu, akalia. Mkojo wake mkautia kwenye kichupa mkakiandika namba. Mkatugawia sabuni na chumvi. Wewe mwenyewe ulikaa siku mbili hapa kwangu na hilo tumbo lako lililokuwa linakuuma, kisha mkaondoka wote na vumbi lenu. Iko wapi hiyo damu? Imesema nini? Kama ilisema kitu, mbona sikuambiwa? Na kama haikusema kitu, mliichukua ya nini?

Wifi yangu anapita kila asubuhi kunipa pole, na pole yake ndiyo hii: "Ndugu yako daktari wa mishipa, mtoto wako kapooza mishipa. Si bora angekuwa fundi baiskeli?" Nipe wewe jibu la kumpa.

Dada yako,
Albertine


Kinshasa, 4 Septemba 2011

Kwako Albertine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na mama mkwe. Mwili wangu ni mzima, na Papa Makoko alinikabidhi barua yako mkononi. Mwambie Fideline mjomba wake anamsalimu.

Nitakueleza kama ambavyo ningemweleza mama, angekuwa hai. Amri ya kutembea inatoka ubongoni. Inashuka kwa mishipa mirefu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, mpaka inaikuta mishipa ya miguu na kuipokeza. Kwa Fideline hiyo mishipa mirefu imeungua. Miguu yenyewe ni mizima, ndiyo maana haiumi, lakini amri haiifikii sawasawa, kwa hiyo inakaza. Haitazidi kuharibika, labda apigwe mara ya pili. Lakini kilichoungua hakioti upya, dada. Dawa hakuna. Neno hilo nimelizungusha kinywani wiki nzima nikitafuta namna ya kulilainisha, nimeshindwa.

Kinachounguza ni sumu ya muhogo wetu mchungu. Ukiloweka siku tatu mtoni, maji yanaitoa. Ukiloweka pungufu inabaki ndani ya unga, na mtoto ambaye hapati samaki wala maharage hana cha kuizimua mwilini. Kwingine jambo hili limejulikana miaka mingi. Lakini Kingwaya na vijiji jirani mmetuchanganya. Mwezi wa Juni tuliwauliza wanawake sitini na wanne wanaloweka siku ngapi. Wote walisema tatu. Sitini na wanne, dada, hata wewe! Basi Profesa wetu ameandika kwamba hapo kijijini si muhogo, na maabara nzima sasa inatafuta mdudu kwenye damu yenu.

Nakuuliza mimi, niliyenyonya nawe ziwa moja. Unaloweka siku ngapi? Nijibu na lori linalofuata. Bibiche naye anakula ugali huohuo.

Mdogo wako,
Placide


Kingwaya, 29 Septemba 2011

Placide,

Salamu ni chache leo, nimezitoa kwa sababu mama alitufundisha kusalimu. Sisi wazima, ukiacha yule uliyeniandikia kwamba hana dawa.

Siku tatu. Umesikia? Tatu!

Huyo binti wenu mwenye fomu alinikuta uani. Mama mkwe kaketi kwenye kigoda pembeni anamenya karanga, masikio yote kayaelekeza kwangu. Binti akaniuliza, kwa sauti ya kutangaza harusi: "Mama, muhogo unaloweka siku ngapi?" Ulitaka niseme nini? Hapa mwanamke wa siku moja ni mvivu, ni mchafu, kwao hawakumfunza. Mama yetu amelala kaburini, nimvue nguo mbele ya yule bibi? Nilisema tatu, na nilisema tatu kwa sababu ni tatu.

Na wewe usijitie hamnazo. Unajua lori linakuja Alhamisi. Likikukuta huna unga, hulioni tena mpaka wiki nyingine, na chumvi na mafuta ya taa na daftari za watoto zinakungoja hukohuko linakorudi. Unajua watu wa mjini kwenu hawataki unga unaonuka. Wanautaka mweupe, mkavu, usio na harufu, na wanautaka leo. Eti maharage! Maharage ya Kingwaya yanapanda lori hilohilo, yanakuja kwenu kuwanenepesha maprofesa. Ukiyaona sokoni yasalimie, yaambie Fideline anayaulizia.

Gaston amemchongea fimbo mbili. Watoto wamempa jina, wanamwita Kuku wa Sokoni, kwa sababu kuku wa sokoni anafungwa miguu. Jana alimrushia mmoja fimbo, ikampata mgongoni. Mama yake akaja hapa kunigombeza. Unadhani nilimpiga Fideline? Nilimwokotea fimbo yake.

Usiniulize tena habari ya siku.

Dada yako,
Albertine


Kinshasa, 6 Novemba 2011

Dada Albertine,

Habari za huko? Mimi nipo. Barua hii nimeiandika mara tatu na kila mara inatoka mbaya, basi nakutumia mbaya hivyohivyo.

Unasema uongo. Ni siku moja.

Najua kwa sababu niliona. Asubuhi ya pili ya ile ziara yetu ya Juni, wenzangu wakiwa bado wanakunywa kahawa, niliteremka mtoni peke yangu. Vigingi vyenu viko palepale tulipokuwa tukiogelea. Chako nakijua, umekifunga kipande cha kitenge cha bluu cha mama. Jioni iliyotangulia nilikuona unashusha gunia majini, na asubuhi lilikuwa tayari limevutwa ukingoni kuchukuliwa. Nikatoa muhogo mmoja nikauvunja. Muhogo wa siku tatu haulii, unabonyea mkononi. Wako ulilia ka! Nikaenda kigingi cha pili: ka! Nilivunja kwenye magunia sita, dada. Yote yalilia.

Nikapanda juu kwenye kambi. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki fomu kabla hazijafungwa. Nikaikuta yako, imeandikwa tatu. Nikaweka sahihi yangu chini.

Unataka kujua kwa nini? Niliona haya. Mimi ndiye msomi wa Kingwaya. Profesa alishanitania mbele ya wote njiani kwamba kwetu bado tunapika sumu tunaiita chakula, na wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikutaka kumpa ushahidi kutoka kwenye chungu cha dada yangu. Nikajiambia kwamba vijiji vingine vitatoa ukweli, Kingwaya ipite tu. Kila kijiji kilisema tatu.

Kwa hiyo sahihi yangu imeulinda uongo wako, na wewe ndiye unayenifokea! Barua mbili umenitukana, mara fundi baiskeli, mara wanene wa maharage, na muda wote huo unajua ulichokifanya. Inatosha. Sema ukweli ili watu waache kumtafuta mdudu ambaye hayupo.

Mdogo wako,
Placide


Kingwaya, 24 Novemba 2011

Sina salamu.

Ulijua Juni. Fideline ameanguka Agosti mosi. Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa, kisha nikamwita Gaston akahesabu na yeye. Ni wiki saba.

Mimi nilidanganya, haya, nimesema. Siku moja, tena mara nyingine lori likiwahi haitimii hata moja. Lakini mimi nilidhani naficha uvivu. Sikujua kwamba ule unga unaunguza kitu mgongoni mwa mtoto. Wewe ulikuwa unajua unaficha nini, umesomea, umepewa cheti. Na ulisimama pale mtoni na muhogo wangu mkononi, nyumba yangu iko hatua mia mbili. Ungenivuta kando ukaninong'oneza. Ungesema "Dada, ongeza siku." Maneno matatu, Placide. Nisingemwambia mtu. Badala yake unaniuliza kwa barua mwezi wa tisa, unajifanya hujui, ili niseme mimi na wewe utoke msafi.

Nikukumbushe jambo lingine. Jioni ya siku ile ya mtoni nilikupikia luku, ugali wetu wa muhogo uliokuwa ukiupenda, kisamvu, na samaki mkavu niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya sikukuu. Ukasema tumbo linakuuma. Ukala mkate na dagaa wa kopo uliokuja nao kutoka mjini. Nami nikakuonea huruma, nikaenda kukuchemshia majani ya dawa! Ulikuwa umetoka mtoni asubuhi ileile. Tumbo halikuwa linakuuma, mwongo mkubwa wewe. Uliogopa chakula changu.

Ile sahani yako sikuimwaga. Hapa hakuna anayemwaga chakula. Nilimpa Fideline, akafurahi, akasema mjomba awe anaumwa kila siku.

Usiniandikie tena.

Albertine Mayamba


Kinshasa, 15 Januari 2012

Dada,

Najua umenikataza. Isome au itie motoni, lakini salamu zangu pokea, na heri ya mwaka.

Kuhusu ile sahani sina jibu. Nimetafuta, sina.

Nilikwenda kwa Profesa nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, nikaanza kutumaini. Kisha akasema fomu moja kati ya sitini na nne haiharibu kitu, na magunia sita yasiyo na majina ya wenyewe si ushahidi, ni matembezi ya asubuhi. Nikapandisha sauti. Nikamwambia watoto wanaungua mishipa wakati sisi tunatafuta mdudu wa kuwafurahisha wafadhili. Nikampigia meza. Basi nimetolewa kwenye utafiti kwa kosa la kuhakiki uongo, na hilo siwezi kulikataa. Siku hizi naosha chupa za maabara na kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kupasua ubongo wa mbuzi.

Sikiliza hili tu. Ikiwa lori haliwezi kungoja siku tatu, kuna njia nyingine. Chukua unga wa kupika jioni, uchanganye na maji mpaka uloane wote. Utandaze mwembamba kwenye mkeka, juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inapaa na hewa. Usiulaze, upike jioni hiyohiyo. Nimeupima hapa mwenyewe, jioni, baada ya kuosha chupa. Mfanyie Bibiche hivyo, hata kama mimi hunitaki.

Wale wanawake sitini na watatu hawatamwambia ukweli mtu mwenye fomu hata aje mara mia. Sikuombi kitu, sina uso wa kuomba. Nakuambia tu.

Mdogo wako, kama bado ni wako,
Placide


Kingwaya, 19 Aprili 2012

Placide,

Afya yako vipi? Unaona, nimesalimu. Usijipe moyo. Hasira iko palepale nilipoiacha, wala sijaipunguza.

Barua yako niliitupia juu ya kabati la vyombo, ikakaa wiki tano haijafunguliwa. Aliyeifungua ni Fideline. Anasoma kweli siku hizi, kila karatasi inayoingia nyumba hii anaisoma, hata ya kufungia sabuni. Nilikuwa natwanga, nikasikia sauti kutoka ndani: "Mama, mjomba anasema unga uanikwe ukiwa umeloa." Nikamwambia aache. Hakuacha. Akaisoma yote, tangu heri ya mwaka mpaka jina lako.

Siku iliyofuata nilianza kumwanikia Bibiche unga wake mkekani. Mama mkwe akauliza nimerogwa na nani, kulowesha unga uliokwisha kukauka. Nilinyamaza siku kumi. Kisha mtoto mdogo wa Mama Sidonie, yule anayekaa karibu na kanisa, naye akaanguka njiani na ndoo yake. Wa pili kwa Sidonie. Nilipomwona amembeba mgongoni kwenda zahanati, miguu ya mtoto imenyooka kama miti, nikasema mimi sasa ni Placide. Najua, na nimenyamaza.

Jumanne, siku ya kutoa muhogo, wanawake wote walikuwa mtoni kwa ajili ya lori la Alhamisi. Nilingoja mpaka mama mkwe afike. Nikavuta gunia langu, nikapanda juu ya jiwe la kufulia, nikasema kwa sauti ya yule binti wenu wa fomu:

"Mimi Albertine Mayamba naloweka siku moja! Nilidanganya, na mtoto wangu hatembei!"

Nikauvunja muhogo. Ka!

Mama mkwe akashika kichwa. "Jamani, huyu ametuvua nguo hadharani!"

"Nimevua zangu tu, mama. Wewe za kwako unazijua mwenyewe."

Sijawahi kumjibu hivyo kwa miaka kumi na miwili. Nikadhani watanizamisha. Aliyejitokeza ni Sidonie. Alikuja na gunia lake akilia, akatoa muhogo, akauvunja mbele ya uso wangu. Ka! Akautupa majini. Mwingine nyuma akapiga kelele, "Na lori je? Lori mtaliambia nini?" Sidonie akamgeukia: "Lori lingoje! Lina watoto, hilo lori?" Basi wakaanza, mmoja mmoja. Wengine walivunja wakitukana, wengine walivunja wakicheka kwa aibu. Kuna mmoja aliyekuwa akinisema kila Jumapili, na muhogo wake ulilia kushinda wangu. Na mama mkwe, Placide! Mama mkwe, mwalimu wa siku tatu, alivunja wa mwisho akiwa ametupa mgongo. Ulilia ka, na mto mzima ukacheka, na yeye akacheka.

Fideline nilikuwa nimemketisha ukingoni na daftari lake. Alimwandika kila mtu jina na siku zake. Waliovunja ni wanawake hamsini na saba. Wa siku tatu walikuwa watatu tu. Wanne hawakutaka kuvunja, amewaandika hivyohivyo, "hakutaka". Daftari lenyewe hili hapa ndani ya bahasha. Mwandiko ni wa mtoto, lakini wenye majina wamepiga dole gumba kwa masizi ya sufuria. Mpelekee Profesa wako. Mwambie hayo ndiyo matembezi yetu ya asubuhi.

Alhamisi lori lilifika halikukuta unga. Papa Makoko alipiga honi mpaka mbuzi wakakimbia, akatutukana, akasema atahamia Kimbuku kwa wanawake wenye akili. Tukamwambia arudi Alhamisi nyingine. Amerudi leo, na ndiye anayebeba barua hii, amenuna. Mikeka imetandazwa kila ua, watoto wanafukuza kuku wasikanyage unga. Bibiche bado anakimbia. Kila asubuhi ninapomwamsha naangalia miguu yake kwanza, uso baadaye.

Sijakusamehe. Nimeandika hapa ili usije ukaijaza nafasi hiyo mwenyewe na kuweka sahihi chini. Lakini mwezi wa Juni unakuja, kiangazi kinaanza, na wewe huna utafiti wa kukuzuia. Panda lori uje. Uje bila kopo la dagaa. Nitakupikia, utakaa chini, utakula mpaka sahani ing'ae, na Fideline atakuwa amekaa mbele yako.

Kwa sababu siku ile alipoisoma barua yako kwa sauti, alifika pale ulipoandika kwamba huna jibu, akakatiza kusoma. Akaniuliza, "Mama, sahani gani?"

Nimemwambia utakuja kumweleza mwenyewe. Tangu hapo kila Alhamisi anajikokota na fimbo zake mpaka barabarani, anakaa, anatazama nani anashuka.

Dada yako,
Albertine